Bi. Eustadia Kasele na Uwanja wa Ngoma Mbili

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Eustadia Kasele anastaafu, baada ya kukitumikia Kituo cha Njia ya Misafara cha Isangalwe kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoajiriwa alikuwa msimamizi wa chumba cha maonyesho, na chumba chenyewe kilikuwa na meza moja na popo wengi. Anaondoka akiwa Mratibu wa Wageni na Tamasha. Popo wamepungua.

Alizaliwa Kaliua, binti wa fundi wa reli, akakulia katika kwaya ya Kanisa la Moravian. Kwaya ilimpa sauti isiyohitaji kipaza sauti, nasi tumefaidika nayo kila umeme ulipokatika.

Wageni wengi wanamkumbuka kwa ule mzigo. Ni furushi lililofungwa kwa mkeka, zito kama yale waliyobeba wapagazi wa Unyamwezi kutoka huku hadi pwani. Kabla ya kueleza neno lolote la historia, Bi. Eustadia humwomba mgeni alibebe kutoka getini hadi kwenye tembe, ile nyumba ya udongo yenye maonyesho. Wenye vifua vipana ndio hujitokeza haraka, na ndio hulitua haraka. Wakishalitua husikiliza kwa adabu sana.

Lakini kazi yake kubwa ni Tamasha la Asali na Ngoma, linalofanyika kila Agosti. Asiyelijua aelezwe: makundi mawili hupiga ngoma kwa wakati mmoja, moja kila upande wa uwanja. Hakuna majaji. Watazamaji huanzia katikati, kisha kila mmoja huenda kule ngoma inakomvuta, na anaruhusiwa kubadili mawazo mara apendavyo. Jua likielekea kuzama, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Kundi la Isangalwe linaongozwa na manju Wilbroad. Kundi la Igunga linaongozwa na manju Mathias, ambaye hukaa juu ya lori pamoja na ngoma zake njia nzima, hata kiti cha mbele kikiwa wazi.

Mwaka 2014 Bi. Eustadia aliwaonea huruma wageni waliosimama juani, akakodi viti vya plastiki. Akavipanga upande wa Isangalwe, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kivuli. Watu wakaketi. Aliyepata kiti hakuinuka tena, kwa kuhofia kukikuta kimekaliwa. Jioni Isangalwe wakashangilia ushindi. Igunga wakasema waliokaa walifuata viti, ngoma hawakuifuata, wakapakia vyombo vyao na kuondoka bila kuaga.

Mwaka uliofuata hawakuja. Ngoma ilikuwa moja, na ngoma moja haina wa kushindana naye. Wageni walinunua asali, wakapiga picha, na saa nane mchana uwanja ulikuwa mweupe. Wafadhili wakaanza kuuliza kama kuna haja ya kuendelea. Katika kikao cha wafanyakazi Bi. Eustadia alisema wazi kwamba tamasha likifa limeuawa na viti vyake, na kwamba atakwenda Igunga mwenyewe.

Alikwenda Desemba, msimu wa kulima. Manju Mathias alimpokea vizuri, akampa wali na maziwa, kisha akamweleza kwamba kundi lake halizungumzi suluhu na mtu ambaye halijatokwa naye jasho. Kesho yake asubuhi Bi. Eustadia aliingia kwenye mstari wa walimaji katika shamba la pamba, akiwa na viatu vya kanisani na jembe la kuazima. Ngoma ilipigwa, majembe yakafuata mdundo, na kama ilivyo desturi ya walimaji hao, anayebaki nyuma huimbiwa. Aliimbiwa hadi mchana. Wimbo ulimwita Mama Viti, ukamshauri ajaribu kulima akiwa ameketi. Dereva wetu Godbless, aliyekaa kando akila muwa, anasema kufikia alasiri mwimbiwa alikuwa akiitikia kuliko wote. Agosti lori la Igunga likaja, na limekuja kila Agosti tangu hapo. Jina la Mama Viti nalo lilikuja na lori hilo hilo, likabaki.

Tulidhani mambo yamekwisha. Machi mwaka huu, habari za kustaafu zilipofika Igunga, manju Mathias alituma ujumbe kwamba yeye alipatana na mtu, hakupatana na ofisi. Mtu huyo akiondoka, lori halitawashwa. Wilbroad aliposikia akasema naye hana haja ya kucheza na upepo. Kwa hiyo mstaafu wetu, badala ya kuhesabu siku zake za mwisho kwa amani, alipanda basi tena, safari hii akiwa na Bi. Advera atakayeshika nafasi yake. Bi. Advera amelima. Ameimbiwa pia, na maneno ya wimbo wake amekataa katakata kutuambia.

Yote hayo hayakutosha. Manju Mathias alikuwa na sharti, na manju Wilbroad, bila kuulizana naye, alikuwa na lile lile. Miaka yote Bi. Eustadia amesimama katikati ya uwanja, kwenye mlingoti wa bendera, bila kusogea hata hatua moja, maana hatua ya mratibu ingechukuliwa kuwa hukumu. Hakuna anayejua ngoma ipi inamvuta. Sasa wote wawili watakuja mradi yeye aje kama mtazamaji, asiye na cheo cha kulinda. Kila mmoja anaapa kwamba mama huyu ni wake tangu zamani. Tumemuuliza, akacheka. Mumewe, Mzee Raymundi, anasema hata nyumbani hajaambiwa.

Mama Eustadia, tunakushukuru kwa moyo wote. Tamasha lipo kwa sababu ulikubali kuchekwa shambani kwa watu. Tutakukosa, na hilo hatulifichi. Mungu akupe afya na usingizi mtamu, wajukuu wakuchoshe kidogo tu, na mizinga yenu ya nyuki ijae. Agosti uje mapema. Bi. Advera atakuwa pale kwenye mlingoti, na wewe safari hii miguu ni yako.

Nikolaus Maganga
Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako