Aliyehamisha Kuku Siku ya Jumatatu

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani, au njiani mkitoka shambani, tulieni nasi kidogo. Jioni hii tunawakumbuka watu watatu wa Shule ya Msingi Lukwindi, katika milima ya Mbinga. Watu watatu: mwalimu, mpishi na mwanafunzi. Waliondoka siku moja, mahali pamoja. Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka jana, saa tatu na nusu asubuhi, wakati wa uji.

Tuwataje. Kumtaja marehemu kwa upendo nako ni kusali.

Mwalimu Mansuetus Ndunguru alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alifundisha hisabati na kusimamia shamba la shule. Jumapili alishuka kwa miguu hadi Mapera kuimba besi kwenye kwaya. Mjane wake, Theodosia, anasema: "Nilikuwa sifui nguo, nafua chaki. Mifuko yote ilikuwa chaki."

Mama Luisa, mpishi, alizaliwa kule chini, kando ya Ziwa Nyasa. Aliolewa milimani, lakini ulimi wake ulibaki ufukweni. Aliwatania walimu kila siku: "Ninyi Wamatengo, mlima mzima mmeutoboa kama chujio kwa mashimo yenu ya kulimia! Kwetu shimo huchimbwa kwa ajili ya mtu." Naye Mwalimu Mansuetus alimjibu: "Kwenu mnalima nini, Mama Luisa? Mchanga?" Basi jiko zima kicheko.

Na Glorious, darasa la tano, miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyegonga kengele, ile rimu ya gari la mizigo iliyoning'inizwa mtini. Mama yake, Aurelia, anasema: "Alikuwa anagonga mara nne. Tatu za shule. Ya nne ni yangu mimi, nijue kuwa amefika salama."

Wasikilizaji wapendwa, mvua ilikuwa imenyesha siku tano mfululizo. Jiko la shule lilijengwa chini ya shamba la shule, na nyuma yake palikuwa na ukingo mrefu wa udongo. Jumanne ile ukingo ukashuka. Mwalimu Mansuetus alisikia kishindo akiwa darasani. Alikimbia, chaki ingali mkononi. Aliwatoa watoto saba. Saba, mmoja baada ya mwingine. Kisha akarudi kumfuata Glorious, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake kubeba ndoo ya uji wa darasa la kwanza. Mama Luisa alikuwa amemkumbatia kwenye kona. Ukingo ukashuka mara ya pili.

Udongo huohuo ulifukia pia kibanda cha mlinzi, Mzee Othmar. Lakini kibanda kilikuwa kitupu.

Theodosia alilisikia hilo siku ya tatu ya msiba, akiwa ameketi mkekani na wanawake wenzake.

"Mama Mwalimu, kitanda hakikuwamo."

"Redio haikuwamo."

"Hata kuku! Kuku wake wawili walikuwa wanatembea barazani pa darasa la sita tangu Jumatatu jioni."

Theodosia aliinua uso. "Alijuaje?"

Tangu siku hiyo neno hilo likaingia Lukwindi, likakaa. Alijuaje? Mtu amehamisha kitanda, redio na kuku siku ya Jumatatu. Jumanne mlima umeshuka. Alijuaje?

Na mtu ukishamshuku, kila afanyalo ni ushahidi. Kaburini Othmar alisimama mbali, karibu na migomba. Theodosia aliliona. Hakutia udongo kaburini. Aliliona na hilo. Mwenyekiti wa kijiji alimwita, akamwuliza mbele ya wazee kwa nini alihama. Alijibu: "Nilihamisha kwa sababu nilihamisha." Wapo waliosema aitwe mpiga ramli. Padre akakataza kwa ukali, lakini huwezi kukataza mtu kunong'ona.

Theodosia hakunong'ona. Yeye alifanya jambo dogo, ambalo sisi tuliolelewa huku tunajua uzito wake. Alimnyima Othmar shikamoo.

Mzee wa miaka sitini na zaidi. Ambaye Theodosia alimwamkia kila asubuhi kwa miaka tisa. Walipokutana njiani, Theodosia aliangalia mbele, akapita. Binti yake mdogo akamwuliza:

"Mama, mbona humwamkii babu Othmar?"

"Tembea."

"Kwani ametukosea nini?"

"Nimesema tembea, Rosemary."

Kwenye sala za jioni, katika Baba Yetu, alipofika penye kusamehe waliotukosea, aliharakisha. Watoto wake waliligundua. Mungu naye, bila shaka, aliligundua.

Mwaka ukaisha hivyo. Mwaka mzima.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mlio mbali na Mbinga, tuwaeleze kidogo kuhusu ngoro. Milima yetu ina mteremko mkali. Wazee waliokuja kabla yetu walibuni namna ya kulima ili mvua isiushushe udongo. Katikati ya masika nyasi zikiwa ndefu, mwanamume huzifyeka, huziacha zikauke, kisha huzipanga shambani kwa miraba. Hiyo ni kazi ya mwanamume. Mwanamke huja na jembe, huchimba katikati ya kila mraba, na udongo huo hufunika zile nyasi. Hiyo ni kazi ya mwanamke. Panabaki shimo. Maji ya mvua yanatulia humo, hayakimbii. Mmoja hawezi bila mwenzake.

Mwezi wa pili mwaka huu, Theodosia alikwenda shambani kwake. Hakuwa na mtu wa kumfyekea. Shemeji yake yuko Songea. Alikuta shamba limefyekwa. Nyasi zimepangwa, mraba kwa mraba, hadi juu kabisa. Aliinama akazitazama. Vichwa vyote vya nyasi vililazwa upande wa kulia. Watu wote huvilaza kushoto, isipokuwa mtu mmoja anayetumia mkono wa kushoto.

Othmar.

Moyo wake ukawaka. Anataka nini? Ananinunua kwa nyasi? Mtu asiye na hatia huja mchana, hubisha hodi, husema. Kwa nini aje nisipokuwepo?

Hakuchimba. Alirudi na jembe lake begani. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Wanawake waliokuwa wakipita waliona nyasi zinakauka juu ya ardhi, hazijafunikwa, na wakati wa maharage unakwenda. Wote walielewa. Mwanamke akiacha nyasi bila kuzifunika, amekataa mkono uliozipanga.

Ikabaki siku nne ifike misa ya mwaka. Baada ya misa kulikuwa na mkutano wa kijiji, wa kuamua kama Othmar abaki au aondoke. Mwenyekiti alikuwa amesema wazi: neno la Mama Mwalimu ndilo litakaloamua.

Ndipo akaja Ephrasia. Huyu ni mdogo wake marehemu Mama Luisa, aliyekuwa akimsaidia dada yake kuosha masufuria. Alimkuta Theodosia anapembua maharage ya mbegu.

"Dada, hutapanda?"

"Nitapanda kwingine."

"Kwingine wapi? Una shamba jingine?"

Theodosia akaendelea kupembua. Ephrasia akaketi chini.

"Jumatatu ile tulikuwa watu wanne jikoni. Wawili wamekufa. Mmoja ni Othmar. Mmoja ni mimi."

"Amekutuma?"

"Nani?"

"Usinizungushe, Ephrasia. Amekutuma?"

"Hakunituma. Angejua nimekuja, angenifukuza." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Othmar aliona maji yanatoka kwenye ukingo, mekundu, mahali pasipotoka maji. Alimwita Mwalimu. Akamwambia, 'Mwalimu, mlima unatoa jasho. Hama na jiko hili leo.' Mwalimu aliyaona yale maji. Akasema, 'Kesho mzee, baada ya uji. Wapo watoto ambao wasipokula hapa hawali.' Basi."

"Mwongo."

"Dada yangu amelala kaburini. Nitasema uongo juu yake?"

"Mwaka mzima ulikuwa wapi?"

"Kwenye mkeka wako," Ephrasia akasema. "Wewe ulikuwa unalia, watu wanasema Mwalimu aliokoa watoto saba. Ningeanzia wapi?"

Theodosia hakumwamini. Tuseme kweli: hakutaka kumwamini. Alivaa viatu, akapanda peke yake hadi shamba la shule, juu ya pale palipokuwa jiko. Alikuwa hajafika huko tangu msiba. Alisimama juu, akatazama chini.

Hapakuwa na ngoro. Palikuwa na matuta marefu, yaliyonyooka, yanayoteremka na mlima. Mtu aliyechimba ngoro tangu utotoni haambiwi maji yatakwenda wapi. Kila mfereji ulishuka moja kwa moja hadi kwenye ukingo. Hadi kwenye jiko.

Naye akakumbuka. Mwaka ule alipobadili ngoro za shule kuwa matuta, Mansuetus alirudi nyumbani amefurahi. Ngoro huchukua wiki tatu za masomo ya darasa la saba. Matuta ni siku nne tu. "Mtoto aje shule kushika kalamu," alisema, "jembe atalikuta nyumbani." Na Theodosia, akimpakulia ugali, alimjibu: "Afadhali. Watoto wapumzike."

Afadhali. Alisema yeye mwenyewe.

Aliketi juu ya tuta. Jioni hiyo alisali Baba Yetu polepole, hata pale pa kusamehe. Haikuwa rahisi.

Misa ya mwaka ilikuwa Jumamosi. Aurelia, mama yake Glorious, aliigonga ile rimu ya shule, iliyoletwa kanisani. Mara tatu. Akasimama. Kisha ya nne. Kanisa zima lililia.

Nje, mkutano ukaanza. Mzee Othmar alisimama kando ya ukuta, kofia mkononi. Watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote, kama mtu mwenye ndui. Mwenyekiti akasema: "Mama Mwalimu, tunakusikiliza."

Theodosia hakwenda mbele. Alikwenda ukutani. Wengine walidhani atampiga.

Akapiga goti kidogo, kama alivyofanya kwa miaka tisa.

"Shikamoo, mzee."

Midomo ya Othmar ilikataa, kisha ikakubali. "Marahaba, mwanangu."

Theodosia akawageukia watu. "Mume wangu aliambiwa Jumatatu. Akasema kesho, kwa sababu ya uji wa watoto. Na matuta yale yalikuwa yake, na mimi nilimsifu. Aliwatoa watoto saba. Hayo yote ni yake, la kheri na la kosa. Huyu mzee alikuwa akimfunika."

Mwenyekiti akauliza: "Mzee Othmar, kwa nini hukusema?"

Othmar akaigeuza kofia mikononi. "Ningesema nini? Marehemu hawezi kujitetea. Na mimi... mimi nilihamisha kuku wangu. Sikuhamisha watoto wa watu. Ningesema kwa kinywa gani?"

Hakuna aliyepiga makofi. Theodosia ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayepanga kazi:

"Jumatatu nachimba. Nyasi zako zimekauka vizuri."

Wasikilizaji wapendwa, huo ndio mwaka mmoja wa Lukwindi. Bado wapo wanaomtazama Othmar kwa jicho la pembeni. Shaka ni magugu, hayang'oki siku moja. Lakini ngoro za Theodosia zina maharage. Na katika shamba la shule, wazazi wameanza kuyavunja matuta. Wanaume wanapanga nyasi, wanawake wanafunika.

Kwa Theodosia na watoto wake, kwa Ephrasia na ndugu wote wa Mama Luisa milimani na ufukweni, kwa Aurelia, poleni. Poleni sana. Na kwako, Mzee Othmar, kama redio ile uliyoihamisha ingali inafanya kazi na unatusikia: pole nawe, maana hukupewa pole mwaka mzima.

Wewe unayesikiliza, kabla hujalala, jiulize ni nani umemnyima salamu, na kama uliwahi kupanda juu ukatazama maji yalikopita. Bwana awape marehemu wetu pumziko la milele: Mansuetus, Luisa, Glorious. Nasi atupe moyo wa kutosema kesho, pale mlima unapotoa jasho leo.