Mguu wa Lile Dude la Plastiki

Ndugu zangu wa kikundi, wa msikitini salaam aleikum, wa kanisani Bwana asifiwe, na msio na pa kwenda, hamjambo. Nimeandika kwenye daftari. Mwandiko ni wa ngumbaru, herufi zinapepesuka kama walevi wa siku ya mnada, lakini ni zangu. Nikisimulia bila kusoma nitajipendelea. Najijua.

Hapa mmezoea ushuhuda wa pombe, wa mume mpigaji, wa moto uliokula nyumba. Mimi niliangushwa na mdoli. Chekeni sasa hivi, mbele pamebana.

Miaka hiyo, elfu mbili na kidogo, nilikuwa Narung'ombe na mjukuu wangu wa kike, wa darasa la kwanza. Baba yake, mwanangu wa kumzaa, alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, naona bado anayatafuta. Mama yake aliuza mitumba sokoni Nachingwea, anakuja kwetu mara moja kwa mwezi, kucha nyekundu, anaongea kama redio. Nilimdharau. Nikimwona tu anashuka kwenye lori, nasonya kabla hajanisalimia.

Siku moja akaja na boksi. Ndani mna dude la plastiki, jekundu na bluu, kifua kama kabati, kichwa kidogo kama cha kobe. Wanaliita roboti. Ukiliviringisha mikono, ukalikunja miguu, ukalilaza kifudifudi, limekuwa lori. Ukilikunjua, mtu. Basi, hiyo ndiyo kazi yake duniani.

Nikamuuliza mkwe wangu, "Lori hili linabeba nini?"

"Halibebi kitu, mama. La kuchezea."

"Na huyu mtu, analima?"

"Mama jamani."

"Hajui kulima, hajui kubeba. Kumbe wamemtengeneza mume wako."

Mjukuu wangu wala hakutusikia. Alilikunja na kulikunjua kabla tonge halijashuka kooni. Watoto wa kitongoji wakajaa uani, na watu wazima nao, wameacha palizi, midomo wazi kama makinda. Jirani mmoja mwenye ulimi mrefu akasema mbele ya wote, "Bibi, hebu jaribu wewe." Nikajaribu, likakataa. Mjukuu wangu akaninyang'anya taratibu. "Bibi, huwezi, lete." Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Ndugu zangu, nawaambia, kicheko kile hakikunitoka. Mimi nimefinyanga vyungu. Nusu ya wale waliokuwa wanacheka niliwapokea kwa mikono hii wakati wanazaliwa. Leo nishindwe na plastiki?

Kesho yake mtoto akiwa shule, nikakaa nalo jikoni. Nikalikaza, likagoma. Nikalikaza tena kwa hasira. Mguu ukalia kap, ukabaki mkononi mwangu.

Mtu mwenye akili angesubiri mtoto arudi, aseme, mjukuu wangu, nimelivunja. Mimi nilikwenda kwenye kopo.

Ninyi watu wa korosho mnajua kopo gani. Tukichoma korosho kwenye bati, maganda yanatoa mafuta meusi, tunayaweka tupake nguzo zisiliwe na mchwa. Yanashika kama lami. Na yanavyokula ngozi mnajua, angalieni viganja vyenu. Mimi nilijua kuliko ninyi wote, lakini aibu ilikuwa inanikimbiza. Nikapaka, nikaunga, nikaanika juani mpaka nikaona pamekauka, nikalirudisha kwenye boksi lake. Nikajiita fundi.

Mtoto alilala nalo, kaliegemeza shavuni. Asubuhi shavu la kushoto jekundu. Mchana malengelenge, jicho limefumba. Machozi yake yenyewe yakipita pale yanamchoma, analia upya. Nilipoona tu, nilijua.

Jirani yule yule akaja mbio na wenzake. "Kitu kinachogeuka umbo si cha kulala nacho. Hicho kina mwenyewe."

"Mkwe wako katuletea jini," akasema mwingine.

Wakaanza kukusanya kuni walichome. Wakanitazama mimi mwenye nyumba. Mimi, niliyekuwa nawasema watu hao kwa kuogopa kila bundi, nikafungua mdomo huu mnaouona. "Nilimwambia mama yake. Hakusikia."

Kama mnatafuta mahali nilipoangukia, ni hapo. Mwanamke hayupo, nimemvika ujini, na kopo langu liko nyuma ya mlango. Kulichoma nikashindwa. Nikawaambia mama yake aje alichome mwenyewe, wakamtumia salamu kwa dereva wa lori, nami nikalisukuma uvunguni.

Mkwe wangu akafika kesho yake asubuhi. Akipita njiani watu wanaingia ndani, wanafunga milango. Mmoja akamwambia usoni asikanyage tena pale, na mtoto atakaa kwa bibi yake, kwenye mikono salama. Mikono salama ni hii yangu. Mkwe wangu akambeba mwanawe mgongoni kwenda zahanati, mimi nyuma kama mbuzi anayefuata kamba.

Muuguzi akamtazama mtoto, akamfuta shavu, akanusa kitambaa. "Jini gani hili? Haya ni mafuta ya maganda ya korosho. Nani kayashika?"

Mimi nikausoma ukuta, na kusoma kwenyewe nilikuwa sijui vizuri.

Mtoto akasema kwa midomo iliyovimba, "Mimi. Nilikuwa nabangua korosho."

"Mwezi wa nne huu, mama, msimu umepita," muuguzi akamwambia mtoto. "Korosho umezitoa wapi?"

"Nilibangua tu."

Akanigeukia kwa lile jicho moja lililobaki wazi. Ndugu zangu, alijua. Mguu mweusi alikuwa ameuona tangu juzi, akanyamaza, maana bibi yake ni mtu wa kiburi na hapendi kuchekwa. Mtoto ambaye hajamaliza kung'oa meno ya utoto, kaungua uso, bado ananisitiri mimi mwenye mvi. Nimewahi kuwadharau watu wengi. Siku ile nilijidharau mwenyewe hadi mate yakawa machungu.

Nikasema, "Ni mimi. Nililivunja, nikaliunga kwa mafuta, nikamsingizia mama yake."

Nilimngoja mkwe wangu anitukane. Angenitukana ningepumua. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, ungesema tu limevunjika. Yapo tele sokoni, yamejazwa kwenye karai."

Karai. Kitu cha kwenye karai, pamoja na ndoo za sabuni, ndicho nilichokiuzia uso wa mjukuu wangu.

Akaondoka naye Nachingwea. Sikuwa na mdomo wa kumzuia.

Nilirudi peke yangu, nikapita mlango kwa mlango kusema jini ni mimi. Jirani yangu akajibu, "Tulijua." Mwongo. Hakujua kitu, ila alinikaribisha uji, na uji ule sijausahau.

Halafu kila wiki nikawa napanda lori kwenda Nachingwea. Nafika sokoni, nasalimia, nakaa chini, nakunja mashati ya Wazungu waliokufa. Wiki ya kwanza mkwe wangu hakunisemesha. Ya pili akanisogezea kigoda. Mtoto anachungulia nyuma ya magauni, nikimtazama anapotea.

Wiki iliyofuata nikatoa lile dude kwenye khanga. Nilikuwa nimelisugua kwa majivu, kwa mafuta ya taa, kwa sabuni, siku baada ya siku. Nilijisugulia ule mguu wake mkononi kwanza, nikangoja, nikaona salama. Nikaliweka juu ya mashati, nikaendelea kukunja. Mtoto akatoka. Akakaa pembeni yangu, shavu lina kovu linalong'aa.

"Bibi, ulikuwa unalikaza," akasema. "Halikazwi. Likikataa, unarudi nyuma kidogo, halafu unaanza tena."

Akanishika vidole, mmoja mmoja. Likawa lori. Lori baya, ule mguu niliouunga haukunjiki, umetokeza nyuma kama mkia wa mbwa. Lakini nililigeuza mimi.

Namshukuru muuguzi yule aliyeuliza na hakupiga kelele. Namshukuru mkwe wangu, ambaye kucha zake bado nyekundu na bado sizipendi, na ndiye ananinunulia dawa ya presha. Nawashukuru ninyi mlionipokea kikundini mkijua habari zangu, ingawa baadhi yenu mlinipokea ili mzisikie vizuri.

Fundisho nililo nalo ni lile la mtoto, jingine sina. Jambo likikataa, usilikaze. Rudi nyuma kidogo. Ukishavunja, sema siku hiyo hiyo, kabla hujafika kwenye kopo.

Lile dude ninalo mpaka leo, na mpaka leo ni baya. Mjukuu wangu sasa yuko sekondari. Ni yule pale mlangoni, ameegemea kizingiti, shavu la kushoto. Nilimwomba aje anisikilize. Akinyanyua mkono, mjue kuna kitu nimekiruka.