Bado Namchunguza

Katika teksi iliyotoka Ikonge, Mokeira alimsikia kijana aliyepakata mtoto akimwambia mama asiyemjua kwamba harusi ya kanisani haina haraka. "Tumeishi miaka sita, lakini bado namchunguza."

"Na huyu umembatiza?" mama akauliza. "Kitambo!" kijana akajibu. "Ukaapa mbele ya padri kwamba utamlea katika imani, na hata jino alikuwa hajaota. Yeye hukumchunguza?"

Mokeira, ambaye Jumapili hubaki kitini wenzake wakipokea Komunyo kwa kuwa naye hajafunga ndoa ya kanisani, akaacha kujifanya amelala.

"Kwani wewe ni katekista?" kijana akauliza. "Hapana. Nina binti anayeishi na mtu kule Nyakoe. Naye anachunguzwa."

Gari likasimama Nyamira. Mokeira akashuka akilirudia lile swali la jino kimoyomoyo, asije akalikosea mbele ya baba wa watoto wake.