Msipige Kura Katika Nyumba Hii

Sogeeni, wanangu, mkae ninapowaona. Na wewe kifungua mimba wangu usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kudai. Vuta kiti uketi. Pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia maneno, na atakayenikatiza leo atajijibu mwenyewe nikishaondoka.

Jana mchana mlidhani nimelala. Nilikuwa macho. Niliwasikia sebuleni, wewe na kitinda mimba wangu, mkikunja vikaratasi viwili, kimoja cha vyumba vya mbele na kimoja cha vyumba vya uani, nikasikia vikitiwa kwenye kikombe cha bati na kikombe kikitikiswa. Mdogo wako akauliza, "Na dada je?" Ukamjibu kwamba dada alilelewa tu hapa, na damu ni nzito kuliko maji. Sikuwa na sauti ya kuita. Nikaisukuma bilauri ya maji ikavunjika, mkaja mbio, na kura yenu ikaishia hapo. Mlisema, maskini, mkono wa mgonjwa umeteleza. Haukuteleza. Ndiyo maana nimewaita, na dada yenu nimemkalisha hapa ubavuni, anishike mkono huu wa kulia na asikie kila neno.

Sikilizeni basi. Kwamba dada yenu sikumzaa mimi, hilo mnalijua, na yeye analijua. Sikulificha hata siku moja. Mama yake alikuwa rafiki yangu wa ng'ambo ya barabara, pale penye duka la vifaa vya umeme siku hizi. Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho hayupo, kwa hiyo chumvi yangu ilikuwa chumvi yake na mkaa wake ulikuwa mkaa wangu. Tulishika mimba pamoja. Marehemu baba yenu, fundi cherehani yule aliyependa utani kuliko uzi, alikuwa akituona tunavuka kwenda sokoni anasema manispaa itatushtaki kwa kuharibu lami.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimi nadhani wahenga wale walikuwa wanaume. Siku zile mwanamke akishikwa na uchungu, waliomsindikiza walimtazama usoni sana, kama watu wanaotaka kuikumbuka sura yake. Akifa, jibu lilikuwa moja: siku zake zimefika. Akifa na mtoto, jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ya chini zaidi. Hakuna aliyekuwa akihesabu, na kisichohesabiwa hakimnyimi mkubwa usingizi.

Ndipo serikali ikatenga fedha, fedha ya umma, ya kodi iliyokatwa kwenye sabuni na mafuta yetu ya taa, ili ichunguzwe kwa nini kina mama na vichanga wanakufa. Watafiti wakatuita kwenye uwanja wa shule. Daktari wao mkuu tulimpa jina la Bwana Subira, kwa kuwa neno hilo halikumkauka kinywani. Akatueleza bila kuficha. Wakunga hawatoshi. Upande mmoja wa barabara utatembelewa nyumba kwa nyumba, kila mjamzito apimwe presha na mkojo mlangoni kwake. Upande wa pili utaendelea na kliniki kama kawaida. Mwishoni watalinganisha, na ikionekana kutembelewa kunaokoa, serikali haitakuwa na pa kujifichia, italeta wakunga kila mahali. Na ili pasiwe na upendeleo, akasema, upande wa kuanza utachaguliwa kwa kura.

Akatia vikaratasi viwili kwenye kikombe. Akaomba mama mmoja ajitokeze achague. Tukawa tunatazamana, tunaona haya. Rafiki yangu akanisukuma mgongoni, akasema, "Nenda wewe mwenzangu, una mkono wa bahati." Nikaenda, tumbo mbele, watu wanacheka. Nikatia mkono huu huu unaoushika, binti yangu, nikatoa karatasi. Ilikuwa ya upande wetu. Na aliyepiga vigelegele kuliko wote uwanja mzima alikuwa mama yako.

Hili linalofuata hamkuwahi kulisikia kwangu.

Mkunga akaanza kuja, kila mara alasiri, jua likiwa limelala upande ule wa barabara. Rafiki yangu alikuwa anakaa kwenye kizingiti chake, anachambua mboga, akimwona tu anapaza sauti, "Zamu yetu bado?" Mkunga anamjibu, "Bado, mama, nenda kliniki." Tunacheka wote watatu. Ukawa utani wetu. Miguu ikaanza kunivimba, nikaona ni mambo ya mimba. Siku moja Mkunga alinifunga kile kitambaa cha presha, akatazama saa ya kipimo, uso ukambadilika. Hakukikunja hata hicho kitambaa, alikwenda nacho mkononi kuita gari la utafiti. Ndivyo nilivyofika hospitali, na ndivyo ulivyozaliwa wewe mwanangu unayetikisa vikombe.

Na mwenzangu? Miguu yake ilivimba kama yangu. Kichwa kilimuuma, akawa anasema anaona nyota mchana kweupe. Alikwenda kliniki kwa miguu hiyo hiyo. Akaambiwa kipimo kimeharibika, arudi wiki ijayo. Nilipokuwa nimelazwa, kifafa cha mimba kilimwangusha pale pale kizingitini. Mkunga alivuka barabara, alivunja utaratibu wao wote akavuka akikimbia, lakini alichoweza kuokoa ni mtoto. Niliporudi na kichanga changu nikaona ng'ambo viti vimepangwa nje na watu wamejifunika vichwa, nikajua kabla ya kuambiwa. Dereva wa lori alizika, akaja hapa, akaniwekea mtoto wa kike juu ya mapaja, akasema, "Nisaidie, dada." Akarudi kwenye lori lake. Hatukumwona tena.

Basi niambie wewe mwenye damu nzito. Ziwa hili lilikuwa lako na hili lilikuwa lake, na ulipolia njaa isiyoshiba ulimwibia la kwake, yeye akanyamaza. Damu ni nzito kuliko maji, sawa. Maziwa nayo umeyapima?

Msiwatukane watafiti. Nawakataza. Hesabu ilipokamilika, Bwana Subira alirudi uwanjani kutusomea. Tofauti ilikuwa kubwa hata mtoto angeiona. Alipofika kwenye idadi ya kina mama waliokufa upande wa pili, alikaa kwenye benchi la wanafunzi, mtu mzima yule, akafunika uso. Kwake ilikuwa idadi. Mimi, mmoja wa hao nilikuwa nimemnyonyeshea mtoto wake asubuhi ile. Lakini wakunga walivuka barabara, wakavuka mji, na mkitazama leo wake zenu wanapimwa presha hata bila kuomba, mjue njia hiyo ilipitia kwenye kizingiti kile. Nami nikaingia kazini kwao, nikapima uzito wa watoto mpaka mgongo ukagoma, baba yenu akishona mbeleko za kuning'iniza kwenye mizani. Wakubwa walipobadilika wakaifunga ofisi ya utafiti, eti fedha ina kazi nyingine, tulikwenda kukaa kwenye ngazi zao na watoto mgongoni, wakalia wote kwa pamoja, na hakuna mkubwa anayeweza kufanya kikao katika kelele hiyo. Waliifungua.

Ila hakuna mtafiti aliyewahi kuniambia mkono huu niufanye nini. Sisemi nilikosa; kura ni kura, na kama si mimi angechagua mwingine. Lakini kizingiti kile kilibomolewa zamani, wanangu, na bado alasiri ikifika mwenzangu yupo juu yake. Miguu imevimba. Ananitazama nikianika nguo, nikifunga dirisha. Anauliza lile lile, bila hasira, na hilo la kutokuwa na hasira ndilo linaloniogopesha. Nilimpenda na ninamwogopa. Ndiyo maana nguo zangu zote nilihamishia kamba ya uani, nanyi mkanicheka mkasema mama anaogopa vumbi. Usigeuke, mwanangu. Wewe hutamwona.

Nipeni maji. Asante. Kidogo tu.

Wosia wangu ni huu. Vyumba vya mbele, vinavyotazama barabara, ni vya dada yenu, na mlango wake ni wake. Vyumba vya uani ni vyenu wawili. Cherehani ya baba yenu apewe mdogo wenu, ndiye anayejua kuitia mafuta. Mbeleko zangu zipelekwe kliniki, bado ni imara. Na msipige kura katika nyumba hii, si kwa vyumba, si kwa sahani. Mkigawana, tazamaneni. Mtu amwambie ndugu yake, wewe utapata kidogo, na sababu ni hii, na amtazame machoni anapolisema. Karatasi haina macho. Kile kikombe kitobolewe chini, kipandwe ua.

Mkinitoa, nipitisheni mlango wa mbele. Mnivushe barabara, mnitue pale dukani kidogo, mwenye duka atawaruhusu, mwambieni ni mama yenu ameomba. Halafu ndipo mnipeleke makaburini.

Mwanangu mkubwa, njoo. Shika mkono wa dada yako, huo wa pili. Hivyo. Usiuachie. Mungu awape... awape watoto watakaowazika ninyi, si mtakaowazika. Nyumba yenu isikose sauti. Mnaponikasirikia, kasirikeni pamoja.

Jua limeshalala upande ule? Naam. Nilijua.

Amesimama. Hajawahi kusimama. Anavuka... miguu yake, tazama, haijavimba tena. Binti yangu, nifungulie mlango wa mbele. Wazi kabisa. Mwambie mama yako... hapana, nitamwambia mwenyewe.

Karibu, mwenzangu. Ingia. Zamu yenu imefika.