Birika Jipya na Kesi Iliyorudi

Mheshimiwa Meneja, Ndugu wasimamizi wa zamu, Ndugu wageni waalikwa, nanyi wafuaji na wapiga pasi wenzangu wa kiwanda hiki cha dobi:

Kwa heshima na taadhima, natangaza rasmi kwamba chumba chetu cha chai kimepata birika jipya, na kifuniko chake kinafunga. Mnaweza kupiga makofi.

Nimechaguliwa kusema kwa sababu ya sauti yangu. Mke wangu anasema sauti na tumbo ndivyo vitu pekee vilivyokua kwangu tangu tuoane. Leo sauti hiyo nitaitumia kwa jambo jingine pia.

Tangu asubuhi nasikia vigelegele: "Shangazi kashinda rufaa!" Kwa walio wageni, Shangazi ni mpiga pasi wetu aliyefukuzwa kwa kuikataa pasi ya mvuke iliyovunjika kinga ya kuzuia mvuke usimuunguze mtu. Baraza la kazi likasema arudishwe. Kampuni ikakata rufaa. Mlimwona akitoka mahakamani anacheka, mkashangilia. Je, nani alimuuliza anacheka nini? Mimi nilimuuliza, pale kwenye ngazi.

"Nisipocheka nitaanguka, shemeji. Na ngazi zenyewe za mawe!"

Ukweli ni huu. Majaji wa rufaa hawakuita shahidi. Kazi yao ilikuwa kupima yaliyosemwa kule barazani. Wakakuta Shangazi alisema peke yake, maana siku ile eti sote tulikuwa zamu, hata waliokuwa likizo. Wakaufuta uamuzi wa kumrudisha, wakaagiza kesi isikilizwe upya. Wakili wake akamweleza njia zilizobaki: apatane na kampuni aondoke zake, aombe kwenda mahakama ya juu zaidi, kama sheria itamruhusu, au aanze upya barazani, safari hii na mashahidi.

"Nina nani mimi?" akauliza Shangazi.

Wakili akanitazama. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu vyangu, ambavyo, nawahakikishia, havina kamba.

Mheshimiwa Meneja, najua unaniangalia. Nina watoto shuleni, na kesho huenda nikashinda nyumbani nafundishwa kupika. Lakini ile kinga niliiona kwa macho yangu ikining'inia kwa waya, na nitakwenda kusema hivyo. Wangapi wenzangu mliiona?

Shangazi yuko nje ya geti, mlinzi kamzuia. Hakuja kuona birika. Anasubiri kujua ana nani.

Asanteni kwa kunipa masikio. Sasa naomba midomo.