Mama Georgette Apendeki, Mkunga Aliyewapa Alama Wanaoanguka

Jumamosi hii, tarehe 31 Mei 2003, Mama Georgette Apendeki anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na miwili ya kuzalisha akina mama katika materniti ya hospitali yetu hapa Baraka. Alifika mwaka 1971 akitoka masomoni Uvira, msichana mwembamba aliyeogopa mbwa wa mlinzi. Anaondoka akiwa mwanamke mnene ambaye mbwa wote wa mtaa wanamwogopa yeye. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, niitwaye Waziri, muuguzi wa huduma ya chanjo, niandike maisha yake ya kazi. Nilipomwuliza mwenyewe angependa nitaje nini, hakutaja diploma wala medali aliyopewa na mkoa. Alisema nisisahau catch.

Wageni wetu waliotoka mbali wafahamu kwamba catch ndiyo mieleka ya jukwaani, ile yenye kelele, vinyago na majina ya kutisha. Mama Georgette aliipenda tangu ujana wake, na hakuipenda kimya. Hakukuwa na pambano kati ya Baraka na Kazimia ambalo hakulitolea hukumu, aombwe asiombwe. Mwanzo watu walimcheka. Baadaye waandaaji walichoka kubishana naye, wakampa kiti karibu na kamba na kumwita mwamuzi.

Hukumu zake zilikuwa na misimamo ambayo hakuna aliyeweza kuitikisa. Kwanza, hakumtazama sana anayetupa mwenzake. Alimtazama anayetupwa. Kwake yeye, mtu mwenye misuli anaweza kumwinua yeyote, lakini anayejua kuanguka ndiye anayefanya watu wote washike vichwa, na ndiye anayempa mwenzake sifa ya kuwa na nguvu. Pili, kitambi hakikumpunguzia mtu alama hata moja. Tatu, hakuvumilia maumivu ya uongo. Mwanamieleka aliyepiga kelele kabla mkono haujamfikia alikatwa alama papo hapo, maana Mama Georgette alikuwa anasikiliza maumivu ya kweli kila siku ya kazi, na alisema yale ya kweli huanzia kiunoni, hayaanzii mdomoni.

Dawa za kienyeji ulingoni hazikumtisha. Mtu mmoja wa Kazimia alikuwa anatoa moshi puani ili mpinzani wake alegee na kusinzia. Mama Georgette alimwuliza mbele ya watu amekohoa hivyo kwa muda gani, akamwambia aje hospitali Jumatatu. Mtu yule alikuja kweli, na dawa zetu alimaliza zote. Kuhusu kanda za video za Wamarekani, zilizokuwa zinaonyeshwa sokoni kwa jenereta, alikubali kwamba wanaanguka vizuri. Kilichomkera ni kupigana kwa viti. Alisema mtu aliyesimama kazini mchana kutwa hawezi kufurahia kuona kiti kinavunjwa.

Kazi yake na mapenzi yake havikutengana. Siku moja aliitwa kwa mzazi katikati ya pambano, akawaamuru wapiganaji wamsubiri. Wakamsubiri, wameketi ulingoni wakila karanga, mpaka aliporudi na kutangaza kwamba ni mtoto wa kike na waendelee. Ndani ya materniti nako aliwasimulia wenye uchungu mapambano ya zamani, raundi kwa raundi. Mke wangu Zainabu anasema mtoto wetu wa pili alizaliwa mama yake akiwa anacheka, na analalamika kwamba mpaka leo hajaambiwa nani alishinda pambano alilokuwa anasimuliwa.

Daktari Raphaël, mkuu wetu, alipowasili kutoka Bukavu, alitamka kwenye chumba cha wauguzi kwamba catch yote ni uongo, watu hupatana kabla. Tulidhani Mama Georgette angewaka. Alimjibu kwa upole kwamba anajua wanapatana. Watu wawili wenye nguvu wanapatana wasiumizane, kisha wanashikana mbele ya mji mzima na kila mmoja anarudi nyumbani kwa miguu yake. Yeye hakuuita huo uongo, aliuita adabu. Daktari alikunywa chai yake.

Vita vya mwaka 1996 vilimvusha ziwa pamoja na wengi wetu. Huko ng'ambo alizalisha ndani ya mahema, akalalamika tu kwamba yalikuwa mafupi mno, mwanamieleka hawezi kuruka ndani yake kutoka juu ya kamba. Mwaka uliofuata alirudi, akakuta materniti haina hata mlango. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1998 alikataa kuvuka tena. Magodoro ya wazazi aliyapeleka yafichwe kwa dada yake, kijijini Lusenda, moja baada ya jingine juu ya vichwa vya wasaidizi, na kulipotulia kidogo yote yalirudi.

Magodoro hayo yanatuleta mwaka 2001.

Mwaka ule surua iliingia milimani. Familia nyingi zilikuwa zimekimbilia huko, na watoto walikuwa wanazikwa bila sisi kujua. Chanjo ilifika kwa boti kutoka Uvira, imefungwa katika masanduku ya barafu, na barafu haina subira. Lakini akina mama hawakutaka kushuka mjini, kwa sababu mji ulikuwa mikononi mwa askari. Tulituma ujumbe kwa wachungaji, kwa mapadri, kwa mashehe. Wachache sana walishuka. Ndipo Mama Georgette alipopendekeza tufanye catch uwanjani mchana, na chanjo itolewe mlangoni. Nicolas, mvuvi tunayemjua wote kwa jina lake la ulingoni, Mugebuka, kwa sababu huteleza kama samaki huyo, alikubali kucheza. Wauza mihogo walipanda na habari: Mugebuka atacheza, na Mama Georgette ataamua. Jibu lilishuka kwamba wanakuja.

Ilibidi tuombe ruhusa kwa mkuu wa askari, Komanda Fabien. Aliitoa haraka, akaongeza sharti lake. Mugebuka atapambana na askari wake, kijana aliyeitwa Casimir, na yeye Komanda anatumaini kuona ushindi. Alisema hivyo akitabasamu, bastola ikiwa mezani.

Casimir alikuwa mpana kama kabati na hajawahi kuona catch maishani. Alijua kupiga tu. Nicolas alisema haingii ulingoni na mtu asiyejua kupatana. Daktari Raphaël alitaka tuahirishe. Tuliyaona yote mawili yaliyokuwa mbele yetu: askari akimvunja mvuvi, akina mama watakimbia na watoto wao na hawatarudi tena; mvuvi akimwaibisha askari, nani ajuaye Komanda atafanya nini. Mama Georgette akaenda mwenyewe kumwomba Komanda amwazime Casimir kabla ya pambano, ili, kwa maneno yake, amfundishe heshima za uwanja. Komanda alicheka, akamwazima.

Mafunzo yalifanyika katika ua wa materniti. Mama Georgette alitandika magodoro yote yaliyokuwa wazi. Wanawake waliokuwa wanasubiri siku zao walijipanga barazani na matumbo yao kama jopo la waamuzi. Bunduki ya Casimir iliachwa kwa mlinzi, karibu na mwavuli wa Daktari. Mara ya kwanza Casimir alimtupa Nicolas nje kabisa ya magodoro, na baraza zima likampa sifuri. Akashangaa. Nadhani hakuna aliyewahi kumpa sifuri tangu avae zile nguo.

Kisha akafundishwa kuanguka. Kidevu kifuani, kiganja kipige chini kabla ya mgongo, pumzi itoke. Mama Georgette alimhesabia pumzi kwa sauti ileile anayowahesabia wazazi, na barazani wawili watatu wakaanza kupumua pamoja naye kwa mazoea. Alianguka vibaya, kisha vizuri, kisha akataka kuanguka tena. Wakati wa kupumzika alieleza kwamba kwao alikuwa fundi matofali, na kwamba alichukuliwa njiani akiwa na udongo mikononi. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Kisha alimwuliza Mama Georgette jambo lililokuwa linamsumbua.

"Mama, nikianguka mbele ya batu bote, si batanicheka?"

"Bacheke, mutoto yangu. Muntu mwenye kucheka hakimbie."

Kuhusu nani ashinde, hakuwapangia. Aliwaambia wacheze vizuri, naye ataamua anachokiona. Casimir aliposema anamwogopa Komanda, alimjibu kwamba Komanda ni kazi yake yeye.

Siku yenyewe ulingo ulikuwa nguzo za mkaratusi, kamba za mitumbwi na mchanga wa ufukweni. Akina mama walishuka kwa mstari mrefu, watoto mgongoni. Walikubali kuketi, lakini waliketi upande wa njia ya kutokea, na wengi walipita mbali na meza yangu. Walitaka kwanza kuona. Halafu askari waliingia wakimsindikiza Casimir kwa nyimbo zao. Niliona vitenge vinakazwa upya, watoto wanarudishwa migongoni, mstari wa kwanza unasimama. Nilishika sanduku langu la barafu nikijua kwamba yote yamekwisha.

Casimir alipanda ulingoni, mguu wake ukanasa kwenye kamba, akaanguka kifudifudi kwa kishindo, mchanga ukaruka mpaka kwa Komanda. Kama alikusudia au la, hajawahi kusema. Uwanja mzima ulicheka. Alinyanyuka, akaitazama ile kamba kwa hasira, akaitandika kofi, akaanguka tena. Wale waliosimama waliketi. Mama mmoja aliyekuwa tayari njiani alirudi, akiwa bado anacheka, akanipa mkono wa mtoto wake.

Pambano lenyewe nililiona kwa vipande tu, kwa kuwa foleni ya chanjo ilikuwa imefika nje ya uwanja. Nilisikia zaidi. Mugebuka aliteleza kila mahali. Casimir alimwinua juu mara moja, watu wakanyamaza, akamshusha taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Yeye mwenyewe alianguka kwa ubavu, kwa mgongo, kwa kuzunguka. Kila alipoanguka watoto walipiga mayowe ya furaha, na sindano yangu ikapita bila wao kujua. Mwishoni Mugebuka alimlalia kifuani, Casimir akahesabiwa, na hakuinuka.

Komanda Fabien alisimama. Vicheko vilikatika safu kwa safu, kama taa zinavyozimwa. Alitembea hadi kwenye kiti cha mwamuzi na kumwuliza nani ameshinda.

Mama Georgette alisimama pia, akarekebisha kitenge chake.

"Mugebuka alishinda match," alisema. "Lakini mwenye kucheza muzuri kupita bote ni huyu wa kwako."

"Kwako wewe, anayeanguka ndiye muzuri?"

"Komanda, kuangusha, kila muntu anajua. Hapa kwetu tumeona benye kuangusha bengi. Lakini kuanguka vile, mwenzako anabaki muzima na weye unabaki muzima, mi sijaona vile tangu nianze kuangalia catch. Uliza batoto."

Komanda hakuwauliza watoto. Alimtazama Casimir, aliyekuwa amekaa mchangani bega kwa bega na Nicolas, wote wawili wakihema, mmoja akimpangusa mwenzake mchanga usoni. Kisha akauliza marudiano ni lini.

"Siku ya chanjo ingine," alijibu Mama Georgette.

Na ikawa hivyo. Yalifuata mapambano mengine mawili, kila moja na foleni yake, na Komanda alifika yote akiwa na kiti chake mwenyewe. Katika la pili Casimir alishinda kwa haki, na Mama Georgette akamkosoa kwa sababu alianguka mara chache. Surua ilipungua, kisha wazazi wakaacha kuitaja. Kikosi kile kilipohamishwa, Casimir hakuja kuaga, nasi tukaogopa kuuliza. Mwaka jana Nicolas alipeleka dagaa Kazimia, akamkuta bila sare, amesimama katika shimo la udongo hadi magotini, anafyatua matofali. Swali la kwanza la Casimir lilikuwa kama Mama yuko. La pili lilikuwa kama ulingo uko. Siku hizi wawili hao wanacheza pamoja bandari kwa bandari, na jina la Casimir ulingoni ni Matela, kama tunavyoita godoro hapa kwetu, kwa heshima ya yale yaliyomlea.

Mengine ya Mama Georgette nitayasema kwa kifupi, maana chakula kinakaribia. Aliwafundisha wakunga wote walioko leo, akiwemo Suzanne anayeshika nafasi yake, ambaye catch haipendi lakini ameahidi kujitahidi. Aligombana na kila mkuu wa hospitali na akalia siku kila mmoja wao alipoondoka. Hakuwahi kumfukuza mzazi kwa sababu ya kabila lake, lugha yake, wala nguo alizovaa mume wake, na kuna miaka ambapo jambo hilo lilihitaji moyo kuliko ulingo wowote.

Mama Georgette, kwa niaba ya wenzako wa hospitali, kwa niaba ya Zainabu ambaye bado anasubiri kuambiwa nani alishinda, na kwa niaba ya watoto wa milimani ambao leo wanakimbizana sokoni bila kujua wanakimbia kwa sababu yako, tunasema asante sana. Nenda ukapumzike, ukae kwenye kiti ambacho hakuna wa kukuinua. Tunakuombea usingizi mrefu, na mtu akibisha hodi kwako usiku, awe ni mgeni tu aliyechelewa.