Vyuma vya Usukani Tulivyovichagua Wawili

Amani kwenu, ndugu zangu. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Mdogo wangu huyu hapa ndiye aliyenisukuma. Ameniruhusu niseme habari zake, ila jina lake nisilitaje.

Sisi tulikulia Bujumbura, na tulipohamia Kigali tulikuwa tumebaki wawili tu. Kisha akaugua ugonjwa huu ambao wengi humu mnaujua majumbani kwenu. Anasikia watu ambao hawapo. Akipata dawa anatulia, lakini kelele nyingi zinamvuruga, kwa hiyo kliniki huko Ndera nilikuwa nampeleka kwa gari letu dogo, kuukuu.

Siku moja tunateremka kutoka Gatsata, usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu. Nazungusha, gari haligeuki. Chuma kinachounganisha usukani na gurudumu la mbele kilikuwa kimechomoka. Tukaingia mtaroni. Yeye alitoka salama, mimi nilivunjika mkono.

Mkono ulipona. Lakini nawaambia, nilikuwa nikigusa tu mlango wa lile gari, narudi ndani ya nyumba. Likabaki uani, halijatengenezwa.

Ikabidi twende kwa basi. Nyabugogo mnaijua, honi na watu wanaoita abiria. Nilimwachia mkono nilipe nauli, kugeuka, hayupo. Nilizunguka nikiita hadi sauti ikakauka. Wapagazi ndio waliomwona, amejikunja nyuma ya magunia ya viazi, ameziba masikio. Walikuwa wamesimama kumzunguka ili watu wasimkanyage. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, huyu usimlete hapa tena."

Baada ya hapo akakataa kutoka nyumbani. Dawa zikaisha, sauti zikarudi. Alikuwa hali chakula, anasema nimekitia sumu. Mimi nikawa nakaa mlangoni tu, sijui nianzie wapi. Ni mama mmoja wa kundi letu hili aliyekuja na muuguzi nyumbani, mdogo wangu akaanza tena dawa. Alipopata nafuu nikasema, gari hili lazima litengenezwe.

Fundi akalala chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. "Mama, raki yenyewe imechoka, hiki chuma kirefu cha usukani. Vichwa vyake vya pembeni nunua vipya, kulia na kushoto. Raki unaweza kupata iliyotumika, lakini beba hii ya zamani mkalinganishe."

Sikuwa na mtu wa kumwachia mdogo wangu. Tukaenda wote dukani Gatsata, asubuhi kabla watu hawajajaa. Vichwa vipya tulivipata upesi. Kwenye raki muuzaji akatuletea moja inang'aa. "Hii iko safi, mama. Chukua, fundi atafunga."

Kila chuma nilichokigusa nilikuwa nauona ule mtaro. Nikasema moyoni, nichukue yoyote tuondoke.

Mdogo wangu akachuchumaa, akaitoa ile ya zamani kwenye gunia, akailaza kando ya ile nyingine.

"Dada, hii si yetu."

"Kwa nini?"

"Angalia mahali usukani unapoingia. Yetu iko upande huu, hii iko upande ule."

Muuzaji akainama. "Eh, kweli! Hii ni ya gari la usukani wa kulia. Asante, dada."

Akaleta nyingine. Mdogo wangu akaishika mkono wa pembeni, akautikisa. "Inacheza." Ikarudishwa. Iliyofuata akaitikisa muda mrefu zaidi, kisha akaniwekea mikononi. "Shika mwenyewe."

Nikatikisa. Ilikuwa imekaza.

"Tuchukue hii?" nikamwuliza.

"Hii."

Ndugu zangu, tangu augue nilikuwa namwuliza kama amekula, kama amemeza dawa. Siku ile nilimwuliza kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua, naye akanijibu.

Fundi akafunga vyote, akanyoosha magurudumu, akalijaribu barabarani, akanipa ufunguo. Nikakaa kwenye kiti, mkono ukagoma kuwasha. Mdogo wangu akafunga mkanda wake.

"Vyuma nimechagua mimi," akasema. "Twende polepole."

Tulikwenda polepole mpaka magari ya nyuma yakatupigia honi. Aliziba masikio, lakini alikuwa anacheka. Tukafika Ndera. Mwezi uliofuata tukafika tena.

Nawashukuru wale wapagazi, ingawa hawatanisikia. Namshukuru fundi. Nakushukuru wewe mama uliyekuja na muuguzi, unajijua. Nami nawaombeni jambo moja. Mkifika nyumbani leo, yule mnayemwuguza mwulizeni kitu ambacho jibu lake mnalihitaji kweli. Halafu msubiri ajibu.